Kiberiti Nyuma ya Tairi

Nusu ya mji ule ilijua kuendesha gari kwa sababu ya mguu mmoja. Mguu wenyewe ulikuwa wa kulia, mwembamba, ndani ya kiatu cheusi kilicholika kisigino, na mwenye nao aliitwa Mwalimu Breki. Alikuwa mwalimu wa shule ya udereva. Gari la shule lilikuwa na usukani mmoja kama magari ya watu wengine, ila pedali zilikuwa seti mbili: za mwanafunzi, na za Mwalimu, aliyekaa kiti cha abiria amekunja mikono kifuani kama bwana harusi anayemsubiri mpiga picha. Mwanafunzi akiukimbilia ukuta wa watu, mguu unashuka, gari linasimama, na roho za waliomo zinarudi mahali pake. Muuguzi mkuu alipita chini ya mguu ule. Askari wa barabarani alipita. Mhubiri mmoja naye alipita, na baadaye akakiri mbele ya waumini wake kwamba hajawahi kusali kwa dhati kama siku aliyopelekwa mlima wa soko.

Mlima wa soko ndio uliokuwa chuo kikuu cha Mwalimu, na kilivishinda vingine kwa jambo moja: hapa mtu akifeli anaambiwa siku hiyo hiyo. Barabara inapanda kutoka kituo cha mabasi mpaka sokoni, imebanwa na maduka pande zote mbili. Katikati ya mlima Mwalimu humsimamisha mwanafunzi, anashuka, anaweka kiberiti nyuma ya tairi, anarudi kukaa, halafu anasema, "Haya, twende juu. Ukikisaga, wiki ijayo tunaonana hapa hapa." Kuliondoa gari mlimani kwa klachi na breki ya mkono, bila kurudi nyuma hata kidogo, si mchezo. Wenye maduka walikuwa wakitoka na vikombe vyao vya chai kutazama. Muuza duka wa katikati ya mlima, ambaye ndiye aliyeuza viberiti vyenyewe, alikuwa akimwombea Mwalimu maisha marefu na wanafunzi wazito wa kuelewa.

Sasa mtu huyu, aliyewapandisha wenzake wote kwenye magari, yeye mwenyewe alikwenda kazini kwa baiskeli.

Hakuna aliyemwambia jambo hilo machoni isipokuwa mama mkwe wake. Kila alipokuja kuwatembelea, akishuka basi na kumkuta mkwewe amesimama na baiskeli tayari kubeba mizigo, bibi yule alishusha pumzi na kusema, "Kinyozi hajinyoi." Basi. Methali ile ina mkia, unasema kwamba akijinyoa hujikata, lakini mkia alimwachia mkwewe auburute mwenyewe mpaka nyumbani, nyuma ya baiskeli, pamoja na makapu.

Safari hii bibi alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akampigia simu binti yake.

"Mwambie mumeo nakuja Jumamosi. Zamani ile baiskeli nilikuwa naiona kama kivuli. Safari hii nitaiona na kutu yake."

Mwalimu alikuwa amekaa hapo hapo, katika chumba cha mbele ambacho nusu kilikuwa sebule na nusu karakana ya mkewe, fundi cherehani. Vitambaa vilikuwa juu ya kochi, pini zimejificha ndani ya zulia zikimsubiri mgeni aliyevua viatu, na dirishani palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Alisikia kila neno. Mama mkwe akizungumza kwa simu, simu yenyewe huwa ni ya ziada tu.

"Mama Mapacha," alisema, "tunanunua gari."

"Maneno hayo nayasikia tangu mapacha wananyonya. Sasa wana ndevu."

"Kabla ya Jumamosi."

Mkewe akaacha kukanyaga. Akiba ilikuwepo, jasho la wote wawili, na ilikuwa imetosha kitambo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kumuudhi mzee vya kutosha. Kiasi chenyewe hatutakitaja. Kuhesabu pesa za watu si adabu.

Aina ya gari haikuwa na mjadala. Mji mzima ulipenda gari moja: dogo, milango minne, buti nyuma, linakunywa mafuta kama mgonjwa anavyokunywa uji. Lilikuwa limetoka matoleo matatu, na kila toleo watu walilibatiza. La kwanza liliitwa Mkate, kwa sababu lilikuwa na pembe kila upande na vioo vya kuzungusha kwa mkono. La pili liliitwa Sabuni. Pembe zote zilikuwa zimelainika kama kipande kilichoogesha familia nzima. La tatu, jipya, waliliita Mnuno. Watengenezaji walikuwa wamelikunja uso: taa zimekazwa kama macho ya mtu aliyeombwa mkopo, mdomo umeshuka mpaka karibu na lami. Siku hizo, ukitaka kujua mtu amepanda cheo, ulitazama tu gari lake limekasirika kiasi gani.

Walikwenda yadi ya magari wote wawili. Dalali wa pale alikuwa mwanafunzi wa zamani, mmoja wa wale waliosaga viberiti mara nyingi mpaka muuza duka akamzoea kama mteja wa jumla. Alitoka mbio.

"Mwalimu wangu! Shikamoo! Shikamoo, Mama! Leo mmekuja kununua au kunifelisha?"

"Tumekuja kuangalia," alisema Mwalimu.

Kuangalia kwenyewe hakukudumu. Mama Mapacha alikwenda moja kwa moja kwa Mnuno, akaingia, akapapasa viti kwa kidole gumba kama anavyopapasa kitambaa dukani. Dalali akaimba sifa. Gia linabadilisha lenyewe. Klachi hakuna. Kuna kioo cha kukuonyesha yaliyoko nyuma bila kugeuza shingo. Ukikaa bila mkanda, linalia.

"Linalia nini?" aliuliza Mwalimu.

"Linakukumbusha mkanda."

"Linanikumbusha mimi?"

"Linamkumbusha yeyote, Mwalimu. Halijui kuwa ni wewe."

"Na mlimani?"

"Linajishikilia lenyewe. Kiberiti chako kitazeekea pale pale."

Mwalimu akalitazama gari lile kama mganga wa mizizi anavyolitazama duka la dawa.

"Mpe ufunguo alijaribu," alisema mkewe.

Mwalimu akalizunguka gari, akafungua mlango, akaketi. Akavuta mkanda. Akakunja mikono kifuani.

"Kioo," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Gia huru. Angalia nyuma. Haya, twende taratibu."

Kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Dalali alisubiri, akidhani ni mzaha. Alipoona uso wa Mwalimu unabadilika rangi, akaelewa kuwa si mzaha, akacheka mpaka akashika boneti la gari la watu. "Mwalimu! Dereva yuko wapi? Ametangulia?"

"Nalisikiliza kwanza," alisema Mwalimu. "Gari husikilizwa kabla ya kuendeshwa. Njoo wewe uendeshe."

Wakazunguka mtaa. Dalali aliendesha huku jasho likimtoka, maana kukaa karibu na mtu yule kulimrudisha miaka ya viberiti. Na kila njia panda mguu wa Mwalimu ulichoma zulia.

"Mwalimu, huko hakuna breki."

"Najua," alijibu, akachoma tena.

Mama Mapacha, aliyekaa nyuma, hakucheka. Alisubiri mpaka wamefika nyumbani, mumewe ameketi kwenye kibao cha jikoni na bakuli la chakula mapajani, hana pa kukimbilia.

"Baba Mapacha. Mara ya mwisho umeshika usukani lini?"

"Kila siku niko ndani ya gari."

"Sijauliza kuwa ndani. Hata mizigo inakuwa ndani."

Mwalimu akatafuna kwa muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. Halafu akasema. Gari la shule linaendeshwa na wanafunzi tangu asubuhi. Jioni mwenye shule analichukua. Yeye anapanda baiskeli. Leseni alikuwa akiihuisha kila ilipokwisha, kama mtu anayelipa ada ya chama asichohudhuria mikutano yake.

"Mikono imesahau," alisema. "Mguu mmoja tu ndio wenye kazi. Miaka yote nawaambia watu achieni klachi polepole. Nikikaa pale mimi, gari likazimika, nani ataniambia mimi?"

Mkewe akamtazama mtu aliyeishi naye tangu ujana, akaona kitu ambacho hata yeye hakukijua: kwamba baiskeli ile haikuwa ubahili. Ilikuwa woga uliotiwa kengele.

"Basi tuchukue Mnuno," alisema, taratibu sasa. "Halina klachi. Mlimani linajishika. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

Kujua, hata hivyo, hakukubaki kwake peke yake, maana dalali alikuwa na ulimi usio na breki ya mkono. Asubuhi ya pili Mwalimu alipopita mlima wa soko juu ya baiskeli yake, muuza duka alikuwa mlangoni.

"Mwalimu! Nasikia siku hizi unaendesha kwa maombi!"

"Kiti cha dereva kinauma?" aliuliza mwingine kutoka duka la pili.

"Wacheni mzee wa watu. Ana jini, ndilo linaloshika usukani!"

Walicheka vizuri, bila chuki, kama watu wanaocheka mtu wao. Ndiyo maana iliuma. Mwalimu alipiga kengele ya baiskeli mara moja, kwa heshima, akanyonga pedali mpaka juu, na jioni akamrudisha mkewe yadi.

Safari hii hakusimama kwa Mnuno. Alizunguka nyuma, ukutani, kwenye magari ambayo dalali huyaonyesha wateja baada ya kuwapa kiti na maji. Chini ya majani makavu palikuwa na Sabuni moja, rangi nyeupe iliyogeuka maziwa. Juu ya paa palikuwa na matundu mawili ya skrubu, mahali palipofungwa zamani kibao cha kutahadharisha umma. Mwalimu akafungua mlango wa abiria. Zulia lilikuwa na shimo, la ukubwa wa kisigino. Pedali ya breki ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa; klachi ya pembeni yake ilikuwa bado na michoro ya mpira, kama haijawahi kuguswa.

"Hili nimelifundishia mimi," alisema.

Dalali akajikuna. "Shule iliniletea ilipochukua jingine. Hili hata mimi nilisagia vile viberiti. Lakini hakuna anayelitaka, Mwalimu. Watu wakiona pedali za ziada wanadhani ni ugonjwa wa gari. Ukilichukua, nitazing'oa."

"Zisiguswe," alisema Mama Mapacha.

Alikuwa ameshaingia. Alivua kandambili, akaweka mguu juu ya breki, akaibonyeza, akaiachia, akaibonyeza tena. Mwanamke huyu alikuwa amekanyaga cherehani maisha yake yote.

"Mimi pedali nazijua tangu sijakujua wewe," alimwambia mumewe. "Utaendesha wewe. Breki ninayo mimi."

Makenika waliyemwita alilala chini ya gari, akagonga huku na huko, akaibuka na majani kichwani, akasema injini ina afya kuliko dalali. Mambo yakaisha. Sabuni likawa lao.

Wiki ile, alfajiri, kabla ya watoto wa shule kupita, uwanja wa mpira ulikuwa wao. Siku ya kwanza Mwalimu alikaa mbele ya usukani na kuona dunia imehamishwa. Hata kioo cha mbele kilikuwa na pembe asizozijua. Aliwasha. Akaachia klachi. Gari likaruka kama mbuzi aliyeona kisu, likazimika.

"Achia polepole, Baba Mapacha."

"Najua!"

"Wanafunzi wote husema wanajua. Si wewe uliyeniambia?"

Walizozana kwa magoli yote mawili. Mama Mapacha alimpigia breki kwa sababu ya mbwa, kwa sababu ya dimbwi, na mara moja kwa sababu ya kunguru aliyekuwa juu ya mti. Lakini mikono ilianza kukumbuka. Kwanza wa kushoto, halafu wa kulia ukaona aibu ukafuata. Ijumaa alizunguka uwanja mzima bila kuzima, mkewe akapiga makofi, naye akapiga honi. Mlimani lakini hawakwenda. Walikubaliana kwamba Jumamosi watapita barabara ya nyuma, tambarare, inayopita makaburini. Wakazi wa pale hawacheki mtu.

Jumamosi ikafika. Sabuni lilikuwa limeoshwa mpaka ndani ya masikio, matundu ya paa yamezibwa. Mama mkwe alishuka basi amevaa miwani myeusi ya hospitali, akaivua, akatafuta baiskeli. Hakuiona. Akamwona mkwewe amesimama mbele ya gari, amenyooka kama fimbo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. La nani hili?"

"Letu, Mama."

Bibi akalizunguka kwa macho yake mapya, bila haraka. "Hapa kuna kutu."

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa."

"Ndiyo."

Akafika mbele, akaliinamia, akalitazama usoni. "Lakini lina uso wa mtu mwema. Haya mengine niliyoyaona njiani yote yananitazama kama nimeyaibia."

Halafu akafungua mlango wa mbele, wa abiria, akaketi, kama inavyostahili mama wa mke kuketi. Mwalimu na mkewe wakatazamana juu ya paa. Breki ilikuwa imekwenda na mama.

"Mama, labda ukae nyuma, unyooshe miguu," alisema binti yake.

"Nimetolewa mtoto wa jicho, sijatolewa mgongo."

"Tutapita barabara ya nyuma," alisema Mwalimu, akiwasha gari. "Haina vumbi."

"Ile ya makaburini? Kwani nimefika huko? Pita sokoni. Mimi nimepewa macho, na watu wa mlimani wana yao. Tupeane."

Neno la mama mkwe halina rufaa. Mwalimu akageuza usukani.

Walianza kupanda vizuri. Gia ya pili, injini inaimba, na kwenye maduka vikombe vya chai vimeanza kutoka mlango mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa habari hupanda mlima haraka kuliko gari lolote. Dalali mwenyewe alikuwa pale, nusu andazi mdomoni. Mwalimu hakutazama pembeni. Wamefika katikati, mbele hasa ya duka la viberiti, bibi akainamisha kichwa kuangalia miguu yake.

"Heee! Kumbe mna cherehani huku chini!"

Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kushona. Miguu yake ikafanya inachokijua: ikashuka yote miwili, kwa pamoja, juu ya breki, kama anaanza shati.

Sabuni likasimama, likakohoa, likafa.

Nyuma yao mkokoteni wa nyanya ulikuwa unapanda, na msukumaji wake akakaza mikono, nyanya zake zikiwa karibu kabisa na buti. Halafu muuza duka akaweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka, akainama nyuma ya tairi na kuinuka ameunyoosha mkono juu.

"Mwalimu! Kiberiti kipo!"

Kicheko kilipasuka kutoka juu mpaka chini. Ndani ya gari, bibi alikuwa amekusanya miguu chini ya kiti kama msichana aliyevunja mtungi. Mama Mapacha alikuwa nyuma, breki iko mbele, na mkono wake haukuweza kufanya lolote ila kushika bega la mumewe. Akalishika, akaliachia.

Mwalimu alikuwa ameshavuta breki ya mkono. Jasho lilikuwa limemfika kwenye nyusi. Midomo yake ikaanza kusema, kwa mazoea tu, kwa ile sauti ya kazini, kana kwamba kuna mtu mwingine kwenye usukani na yeye yuko salama pembeni.

"Gia huru. Washa. Kioo."

Injini ikaitika.

"Klachi chini. Gia ya kwanza. Usitazame watu, watu hawaendeshi."

Kioo cha mlango kilikuwa wazi, sauti ikatoka nje. Muuguzi mkuu, aliyekuwa ananunua vitunguu, aliisikia. Askari wa barabarani aliisikia. Dalali akaacha kutafuna. Kicheko kikapungua, maana maneno yale kila mmoja aliwahi kuambiwa siku miguu yake inatetemeka mahali pale pale.

"Klachi, polepole," alisema Mwalimu.

"Polepole," alisema muuguzi, bila kujijua.

"Mpaka gari liinue pua, kama mtu aliyesikia jina lake."

"Kama mtu aliyesikia jina lake!" walisema watu, duka kwa duka, na dalali alikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Pua ikainuka. Mguu wa kushoto ukashikilia pale pale, unatetemeka, unashikilia. Ule wa kulia, uliozuia maisha yake yote, ukaongeza mafuta.

"Sasa breki ya mkono," alisema Mwalimu Breki kwa mwanafunzi wake. "Iachie. Usiogope. Mimi nipo."

Sabuni likaondoka. Halikurudi nyuma hata pumzi moja. Likapanda, likapita duka, likapita vikombe, na nyuma yake muuza duka akakiokota kiberiti, akakitikisa karibu na sikio, njiti zikalia zote ndani.

"Kizima!" alipiga kelele. "Kizima, jamani! Hiki hakiuzwi tena!"

Msukumaji wa nyanya akajifuta uso. Askari wa barabarani, kinyume cha sheria zote za barabarani, akapiga saluti.

Mwalimu hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kiasi ambacho fundi cherehani aliyekaa nyuma angelazimika kuongeza kola. Walipofika juu, kwenye kona ya soko ambako mji mzima hukutana kununua na kusengenya, mama mkwe alikohoa.

"Kinyozi kajinyoa," alisema.

Mwalimu akasubiri mkia. Bibi akamgeukia, akayatumia macho mapya kumkagua shingo, kidevu, mashavu yote mawili.

"Sioni alipojikata."

Kisha akachomoa mguu mmoja chini ya kiti, akaitafuta breki kwa uangalifu, akaikuta, akaibonyeza. Gari likasimama katikati ya soko. Safari hii Mwalimu alikuwa amewahi klachi, halikuzimika.

"Mama!" alisema binti yake. "Kuna nini?"

"Hamna kitu," alisema bibi, akavaa miwani yake na kuegemea kiti. "Nimeona watu hawajamaliza kutuangalia."